Arusha hadi Pangani kwa gari ndogo: Bagamoyo iache kwa safari nyingine

Mkuu, umeuliza upite wapi na familia kutoka Arusha mkaone miji ya kale ya pwani, mna Toyota IST na siku nne, hamtaki Dar wala boti ya Zanzibar. Wengi wamekujibu Bagamoyo. Mimi ni wa Moshi, nikipata likizo nashuka huko huko pwani, na nasema lala Pangani.

Arusha hadi Tanga ni zaidi ya kilomita 400, lami. Tokeni alfajiri. Mkiipita Same, milima inabaki kushoto na kulia ni nyika na bonde la Mto Pangani. Maji ya mto huo ni ya kwetu: yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, yanakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanakwenda kumwagika baharini pale pale mnapokwenda kulala. Misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikipanda huku kutokea Pangani kabla Mjerumani hajaanza kujenga reli yake Tanga mwaka 1893. Reli ilifika Moshi 1911. Waambieni watoto mapema, ili wakiuona mto kule mwisho wajue ni wa nyumbani.

Vijijini heshimu vibao vya 50. Tochi za trafiki za kupima mwendo ziko nyingi njia hii, na 30,000 ya faini ni bora ukale samaki. Chakula kuleni Mombo au Korogwe. Segera wa Dar wanakwenda kulia, ninyi shikeni kushoto, mashamba ya mkonge yatawasindikiza, na Muheza nunueni machungwa.

Tanga usiku mmoja unatosha. Asubuhi nendeni Mapango ya Amboni, ila jioni ile mnayofika watoto waogelee ufukweni Raskazone. Kama unapenda historia ya vita, hapo ndipo Waingereza waliposhuka na jeshi kubwa kutoka India Novemba 1914, wakapigwa na kikosi kidogo cha kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, na nyuki nao wakawamalizia.

Mkitoka mapangoni shikeni njia ya Pangani, kama kilomita 50 kufuata pwani. Kabla ya nusu ya njia kuna kibao cha Tongoni, msikipite. Ni msikiti wa matumbawe uliobomoka na makaburi yapatayo 40, mengi yana nguzo. Pwani yote ya Afrika Mashariki hutapata makaburi ya nguzo mengi namna hiyo mahali pamoja. Sogea karibu uangalie mashimo ya duara kwenye nguzo: humo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina, zikang'olewa zamani. Nguzo nyingine zimelala chini kama mikungu ya ndizi iliyokatwa. Vasco da Gama aliichoma moto moja ya meli zake karibu na hapo mwaka 1499, mabaharia walikuwa wamekufa kwa maradhi, wa kuiendesha hawatoshi.

Pangani yenyewe ni mji uliochoka, nisikudanganye. Ukitaka mji uliopakwa rangi kwa ajili ya watalii utanuna. Mimi ndicho ninachokipendea. Milango ya kuchonga bado iko kwenye nyumba ambazo watu wanaishi, nguo zimeanikwa barazani, na mzee akikuona unaishangaa atakukaribisha, ila piga hodi na usalimie kwanza kabla ya kutoa simu upige picha. Ni mji huu Wajerumani walimomnyonga Abushiri bin Salim Desemba 1889, baada ya kuongoza watu wa pwani kuwapinga. Jioni kaeni kivukoni. Mto unapita mpana, una rangi ya udongo, ng'ambo ni Bweni, na baiskeli, kuku na wanafunzi wanapanda kivuko kimoja.

Siku ya tatu ni ya Maziwe. Ni fungu la mchanga baharini, zamani lilikuwa na miti, sasa halina hata mmoja, na maji yakijaa linazama. Kwa hiyo usipange saa kichwani: muulize nahodha maji yanakupwa saa ngapi, patana naye bei jioni iliyotangulia, na hakikisha kila mtoto ana jaketi la kuokolea kabla hamjasukuma mashua. Bebeni kofia na maji ya kunywa, kivuli hakuna.

Sasa Bagamoyo. Sisemi haifai. Magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13, na misheni ya mwaka 1868 ndiko mwili wa mmisionari Livingstone ulikolazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Lakini ukiiunganisha na hii yangu, siku zako nne zitaishia kwenye usukani. Wapo watakaokwambia utoke Pangani ukate kupitia hifadhi ya Saadani. Kwa gari lililo juu, kiangazi, sawa. Kwa IST wakati wa masika, usithubutu, rudi Segera. Na siku ya kurudi, kama saa zinaruhusu, pandeni Lushoto kutokea Mombo mkanywe chai kwenye baridi, kona ni nyingi ila ni lami.