Jibu: Grimrock ni Dungeon Master iliyovishwa nguo mpya tu?

Yaya, umeuliza kama Legend of Grimrock, mchezo wa kompyuta wa 2012 wa kuzunguka mashimo ya chini ya ardhi, inaongeza kitu juu ya mchezo wa zamani wa aina hiyo, Dungeon Master ya 1987. Nimezicheza zote hapa Goma, ile ya zamani kupitia programu inayoiga Atari ST, kompyuta ya miaka ya 1980.

Mifupa ni ileile: mashujaa wanne wanatembea pamoja, mraba kwa mraba, na adui hakungoji ufikiri. Hata uchawi bado unatungwa kwa kubonyeza alama.

Tofauti kubwa ni ukuaji. Katika Dungeon Master kazi ndiyo inayofundisha: nilimweka mchawi wangu arushe uchawi mdogo kwenye ukuta mtupu mpaka akapanda daraja. Grimrock inakupa pointi ugawe mwenyewe, na ukigawa vibaya utaubeba mzigo huo hadi chini kabisa ya mlima ambao mchezo unafanyika ndani yake. Hapo mimi niko upande wa Dungeon Master.

Ramani ya Grimrock inajichora yenyewe, ila unaweza kuizima mwanzoni. Izime! Jioni moja umeme ulikatika, nikabaki na tochi ya simu na daftari la hesabu la mdogo wangu, nikihesabu miraba niliyochora. Kando ya chumba kimoja palibaki mraba usio na maelezo. Umeme uliporudi nikaukagua ukuta ule: kitufe kidogo, karibu kisionekane. Nilipiga kelele hadi mama akauliza nani amekufa.

Anza na Grimrock, yaya. Ile nyingine itakuchosha ukiwa bado mgeni.