Kaushio la karafuu: usimalize mchoro kabla ya kukaa na fundi

Waalaykum salaam ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kama umalize kwanza mchoro wa kaushio lako la jua kwenye kompyuta ndipo utafute fundi. La, mtafute sasa, mchoro ungali wa penseli.

Karakana yetu ya Mwanakwerekwe huletewa michoro mizuri ambayo mwenyewe hataki tena iguswe. Mteja mmoja alileta kaushio la dagaa: trei za sentimita 100, na nafasi ya kuziingiza sentimita 100 kamili. Chuma kikichomelewa huvutika kwa moto. Fremu ilipinda kidogo tu, trei zikagoma kuingia. Milimita 5 kila upande zingetosha, lakini trei zote zilishakatwa na wavu ulishafungwa.

Mchoro wako nimeutazama. Miguu umeiwekea sentimita 105. Paipu ya skwea huuzwa mita 6, kwa hiyo utapata miguu 5 na kipande cha sentimita 75 cha kutupa. Ishushe hadi 98, utapata 6 kwenye paipu ileile, na kaushio halipungukiwi kitu. Bati la ubavuni umeandika milimita 0.8, lichomelewe. Kwa mashine ya vijiti, ambayo ndiyo utakayoikuta karakana nyingi, bati jembamba hivyo litatoboka. Likunje kingo, ulipige ribiti. Na likishakunjwa linakakamaa lenyewe, kwa hiyo zile nguzo mbili za kati hazina kazi tena, zifute.

Lakini usimwachie fundi kila kitu. Sisi mafundi tunapenda kuziba matundu ili kazi iwe imara, na hewa isipopita karafuu zitaota ukungu. Tundu la juu la kutolea mvuke umelichora vizuri sana. Akitaka kulipunguza, mkatalie. Wavu nao usiwe wa chuma kitupu, hewa hii ya chumvi itautia kutu, na karafuu ni kitu cha kuliwa.

Waite pia wale watakaoanika. Karafuu mbichi ina uzito wa kama mara tatu ya kavu, na wao ndio watakaozibeba trei zikiwa zimejaa. Mchoro wako hausemi trei moja ibebe pishi ngapi. Niambie hilo, nikupe unene wa chuma cha reli zitakazobeba trei.