Ukitaka kujua usalama wa wagonjwa usiku, waulize wanaokesha

Mama mmoja alifika kituoni kwetu, nje kidogo ya mji wa Kisumu, saa saba usiku akiwa na mtoto mwenye malaria kali. Dawa ya sindano ya artesunate hutolewa kwa kufuata uzito: miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20. Mizani ilikuwa imefungiwa katika chumba cha kliniki ya watoto, na ufunguo alikuwa nao mwenzangu wa mchana, kwake nyumbani. Nikakisia uzito kwa macho. Asubuhi tulipompima, nikaona nilimpa dozi pungufu. Tulirekebisha dozi iliyofuata, mtoto akapona, nami sikuandika popote wala sikumwambia mkuu wa kituo.

Miaka miwili baadaye nilipokabidhiwa shughuli za ubora wa huduma, kimya kile ndicho nilichotaka kupima. Kuna hojaji iitwayo Safety Attitudes Questionnaire, iliyotungwa Marekani, inayopima utamaduni wa usalama, yaani mitazamo ya wafanyakazi kuhusu usalama wa wagonjwa. Watafiti wa Norway waliijaribu katika zahanati za kawaida na zile za usiku, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Unajibu kila sentensi kwa namba, kuanzia 1, napinga kabisa, hadi 5, nakubali kabisa. Kwenye namba hiyo unatoa moja, kisha unazidisha kwa 25. Wastani wa 75 kwenda juu huhesabiwa kuwa mtazamo mzuri.

Mara ya kwanza niliharibu. Niligawa karatasi zenye nafasi ya kuandika kada, yaani aina ya kazi ya mtu, kisha nikazikusanya mwenyewe. Katika kituo chenye watu kumi na mmoja, ukiuliza kada umeshauliza jina. Karibu wote walikubali kila kitu, hata sentensi isemayo kwamba hapa ni vigumu kuzungumzia makosa. Sentensi kama hiyo huhesabiwa kinyume, 5 ikawa 1, kwa hiyo anayeweka 5 kuanzia juu hadi chini unamgundua hapo. Usimlaumu. Anaogopa, au amechoka.

Mara ya pili tuliweka sanduku lenye kufuli. Karatasi haikuuliza chochote kuhusu mtu isipokuwa zamu: usiku au mchana. Alama za mchana zilipita 75, za usiku hazikufika. Tungezichanganya, tusingeona kitu.

Nakusihi pia usimsahau askari wa lango. Wetu hakuielewa hojaji. “Sista,” aliniambia, “mimi nikisikia usalama nawaza wezi.” Tangu siku hiyo naacha neno utamaduni na neno usalama, nauliza moja kwa moja: ukikosea usiku, unamwambia nani? Nini hufanyika ukishamwambia? Tulikaa naye kwenye benchi, akaniambia wagonjwa watatu wakifika pamoja humfungulia kwanza anayepiga kelele zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwelekeza vingine. Naye ndiye wa kwanza kumwona kila mgonjwa wa usiku! Sasa anajua kuita mara moja akiona degedege, mjamzito anayetokwa damu, au mtu anayepumua kwa shida.

Matokeo niliyasoma mbele ya wote, zamu zote mbili, na kabla ya kusoma nikasimulia kisa cha yule mtoto. Muuguzi mwingine akasema naye aliwahi kukisia uzito. Ufunguo wa mizani siku hizi unaning'inia kwenye msumari, chumba cha zamu ya usiku.