Mwacheni Anywe Dawa Yake

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na mama mmoja wa Tanga. Mwanawe alikula unga, yaani heroini, tangu ujana, akakonda, akauza mpaka vyombo vya ndani, mwishowe akaanza kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, pale hospitali ya Bombo. Sasa amenawiri, ana kibarua, magharibi yuko nyumbani. Tatizo limekuwa familia. Baba mdogo amekataa kupeleka posa kwa niaba ya mtu ambaye kila asubuhi anakwenda kunywa "unga wa serikali". Aache kwanza hiyo dawa, ndipo wazungumze. Mama anauliza: nimwambie aache lini?

Shikamoo mama. Jibu langu ni kwamba usimwambie. Naandika kwa urefu kwa sababu neno hilo, unga wa serikali, na mimi nimeitwa nalo mbele za watu, na mpaka leo linaniuma.

Mimi ni fundi samani, Keko. Kabla ya hapo nilikuwa mpiga debe, na kabla ya kupiga debe nilikuwa kijana anayejifunza useremala ambaye jioni alivuta kokteli na wenzake, bangi iliyotiwa unga kidogo. Yaliyofuata sitayasimulia yote, aliyewahi kuishi nyumba moja na teja, mtu aliyenaswa na unga, anayajua. Niseme moja tu, kwa sababu ndilo watu wasiloliona. Kete ya unga ikishaisha nguvu, na inaisha baada ya saa chache, arosto inaingia: miayo isiyokatika, makamasi, machozi, mwili unasisimka kwa baridi wakati wenzako wanatoka jasho, tumbo linaharisha, mifupa ya miguu inauma huwezi kulala wala kukaa. Ukipata kete nyingine yote yanakatika papo hapo. Basi unatafuta, unapata, unatulia, unatafuta tena, usiku na mchana. Watu wanapita stendi wanamwona mtu amesinzia wima, wanasema anastarehe. Miaka ile ya mwisho sikuwa na starehe yoyote. Nilikuwa natafuta nisiugue.

Na kuacha niliacha mara nyingi. Nilipelekwa shamba kwa mjomba. Niliombewa. Nilikaa kwenye nyumba moja ambako tulifungwa minyororo miguuni, tukapigwa, na ndugu zangu wakalipa pesa kwa ajili hiyo. Kote huko arosto ilikwisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na baada ya wiki hivi mwili unatulia, ingawa usingizi unachelewa sana kurudi. Kila mara nilirudi mjini nikiwa safi, watu wakanipongeza, na haikuchukua muda nikawa maskani tena, kule tunakovutia unga. Mwili ulikuwa umetulia. Kichwa hakikuwa kimetulia, na hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba hivyo ni vitu viwili.

Rafiki yangu mmoja wa stendi alitoka gerezani akiwa amepona namna hiyohiyo. Akavuta? Hapana, alijidunga, kipimo kilekile alichokizoea kabla ya kufungwa. Walimkuta chooni ameshapoa. Mtu akikaa muda bila unga, mwili unasahau. Kipimo kilichokuwa kinamtuliza tu zamani sasa kinazuia pumzi. Ndiyo maana nawaambia wazazi kwamba siku ya hatari si ile mtoto anayotapika arosto chumbani. Ni siku anayotoka amenawa uso, amevaa shati jipya, na mfukoni ana hela.

Methadoni ilianza kutolewa nchini Februari 2011, Muhimbili. Baadaye Mwananyamala, Temeke, Kidongo Chekundu kule Unguja, Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005. Mimi nilikwenda kwa sababu dada yangu alinishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika dirishani, pale kliniki wanapotolea dawa. Hawakunipa nyingi siku ile. Wanaanza na kiasi kidogo, wanakupandisha taratibu huku wanakutazama, kwa sababu dawa hii ikikimbizwa inaua. Wiki za mwanzo bado nilitamani. Halafu siku moja nikawa napiga msasa mguu wa meza, adhana ya adhuhuri ikasikika, nikashtuka kwamba tangu asubuhi sijauwaza unga. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuwa teja anaweza kuelewa ukubwa wa jambo hilo. Nilikaa chini nikalia, na bosi wangu akadhani nimejikata kidole.

Tofauti yake na unga ni hii, na baba mdogo aisome. Methadoni inakaa mahali palepale kwenye ubongo ambapo heroini inakaa, lakini inaingia polepole na inadumu zaidi ya siku nzima. Kwa hiyo haikupandishi na haikushushi, ukishafika kipimo chako. Unakunywa mara moja, mbele ya muuguzi, unakwenda kazini. Hakuna pusha wa kukuuzia, hakuna sindano ya kuchangia, hakuna kuiba mtungi wa gesi wa dada. Ni kweli mwili unaizoea, ukikatisha ghafla utaugua. Hilo sifichi. Lakini mtu anayeizoea dawa na anafanya kazi, analipa kodi ya nyumba na analala kwake, mnamwitaje teja?

Kwenye kikao cha mahari yangu ndugu yangu wa damu alisimama akauliza, mnamwoza binti wa watu kwa mtu ambaye serikali inamlisha unga? Wazee wakainama. Mimi nilikuwa na kabati nane za oda karakana, vijana wawili ninaowafundisha kazi, na mtoto wa dada ninayemlipia shule, mtoto ambaye huyo ndugu yangu hajawahi kumnunulia daftari. Sikumjibu. Binti alikubali, tumeoana, na hilo ndilo jibu alilopata.

Mwenzangu wa dirishani alikutana na kikao kama hicho, na yeye akasikiliza. Aliomba apunguziwe haraka, alipoambiwa asubiri akaacha kwenda kabisa, ili aoe akiwa "huru". Alioa. Hakufika mfungo uliofuata. Wiki nne za mwanzo baada ya kuacha methadoni ndizo hatari ya kufa inapopanda sana, kwa sababu ileile iliyomuua yule wa gerezani. Familia yake ilisema ni malaria.

Kwa hiyo mama, na nyote mnaoniandikia mkiuliza siri: nendeni dirishani. Kila siku, mvua ikinyesha, ukiwa na hasira, ukiwa na furaha, nenda. Ukikosa siku kadhaa mfululizo watakushusha kipimo na ni haki yao, usigombane nao. Ukienda kutibiwa kifua kikuu, sema mapema kwamba unakunywa methadoni, kwa sababu rifampisini, moja ya dawa za kifua kikuu, inaiondoa mwilini haraka, na utashikwa na arosto hali umekunywa dozi kamili. Kuna watu wamerudi kwenye unga kwa hilo peke yake, wakiamini dawa imewasaliti. Ramadhani ikikaribia ulizeni kliniki mapema utaratibu wa dozi, msijipangie. Pombe na valiamu ziogopeni, zikichanganyika na methadoni mtu analala haamki. Choo kitakuwa kigumu na jasho litakuwa jingi, kunyweni maji, kuleni papai, mwambieni daktari.

Hela ndiyo iliyonisumbua kuliko yote. Sisi mafundi tunalipwa mzigo ukiondoka, mara nyingi jioni, hela nyingi kwa mpigo, na jioni ndiyo saa ya maskani. Nilimpa dada namba yangu ya simu ya malipo kwa muda mrefu, mteja analipa kwake, mimi napewa ya kula. Vijana wanasema huko ni kudhalilika. Nawaambia udhalili tuliupata tulipookota vyuma chakavu usiku. Badilisheni laini ya simu, futeni namba za wale watu, hata yule mnayesema ni rafiki wa kweli. Msipite njia ile. Najua ni fupi zaidi kufika nyumbani. Msipite.

Na kupunguza kupo, mama, sisemi kwamba mtu atakunywa mpaka kaburini. Kunafanywa polepole sana, kwa uamuzi wa anayekunywa na daktari wake, akiwa na kazi, usingizi na nyumba iliyotulia. Hakufanywi kwa ajili ya posa wala kwa aibu ya baba mdogo. Dawa ni bure, kinachowaangusha wengi ni nauli. Badala ya kumwuliza ataacha lini, mwulize jioni kama nauli ya kesho anayo.

Baba mdogo naye msigombane naye. Kliniki huzungumza na ndugu wa wagonjwa, kuna washauri kwa kazi hiyo. Mwombeni aende na kijana asubuhi moja, apange foleni, awaone walio mbele yake na nyuma yake, kisha amwulize muuguzi maswali yote anayowauliza nyinyi nyumbani.