Mwalimu wa gofu: tafuta asiyekuogopa

Watu wananiuliza sana "nani anafundisha gofu vizuri hapa Dar", wanategemea nitaje jina moja tumalizane. Sitaji. Sio uchoyo, ila mwalimu aliyenifaa mimi, mama wa miaka arobaini na kitu mwenye mgongo mbovu, anaweza asimfae kabisa kijana wa miaka ishirini anayepiga kila mpira kwa hasira. Ninachoweza kukupa ni namna ya kumtambua ukimwona, halafu nenda mwenyewe kwenye viwanja vya Gymkhana au Lugalo, au kama uko kaskazini nenda Arusha Gymkhana au kule Kili Golf Usa River, ukatafute wako.

Naanza na jambo ambalo watu wanalijua lakini hawalisemi. Gofu yetu ina matabaka. Walimu wengi wa hapa wamekulia uwanjani, walianza wadogo kabisa wakibeba mabegi ya wakubwa, jioni wateja wakishaondoka nao wanapiga piga kwa fimbo za kuazima, wakaiva mpaka wengine wakawa wachezaji wa kulipwa. Na wanafunzi wao ni akina nani? Mkurugenzi, wakili, daktari bingwa, mke wa balozi. Sasa mtu ambaye tangu ana miaka kumi amezoea kukuita bosi na kukubebea begi, leo hii akwambie "hapana, hujafanya nilichokwambia, rudia"? Inamwia ngumu jamani, tena akifikiria kwamba ukinuna huji tena na yeye ana kodi ya nyumba. Ndio maana ukikaa pale renji, sehemu ya kufanyia mazoezi ya kupiga mipira, unasikia tu "shoti nzuri bosi!", "safi sana madam!" na mpira wenyewe umeishia kwenye miti. Unalipa, unaondoka umefurahi, wiki ijayo unarudi, mwaka unakatika na hendikapu (ile namba inayopima uwezo wako, ikishuka ndio umeendelea) iko palepale.

Kwa hiyo kigezo changu namba moja, kabla ya cheti na kabla ya bei, ni je huyu mtu ana ubavu wa kuniambia nimekosea?

Na hili huwezi kulijua kwa kumuuliza, lazima ukamwone akiwa kazini. Nenda renji jioni, agiza soda yako, kaa pembeni usijitambulishe. Usimwangalie anavyopiga yeye, wote wanapiga vizuri hao, utavutiwa bure. Mwangalie akiwa na mtu mzito asiyejua kitu, mheshimiwa fulani ana kitambi na haraka zake. Je anaongea muda wote au ananyamaza na kutazama? Mtu akiharibu anasema nini? Anachezea simu? Mwanafunzi akiondoka pale ana sura ya mtu aliyeelewa au ya mtu aliyeburudishwa? Nusu saa ya hivyo inakupa majibu mengi kuliko sifa zote utakazosikia baa ya klabu.

Kitu cha pili cha kusikiliza ni maelezo. Kuna walimu ugonjwa wao mmoja tu, umeinua kichwa. Mpira umeenda kulia, umeinua kichwa. Umeenda kushoto, umeinua kichwa. Umepiga ardhi nyuma ya mpira, kichwa. Ni ile zahanati ya mtaani ambayo kila homa ni malaria, unatoka na dawa zilezile hata kama ulikwenda na jino. Kichwa kuinuka mara nyingi ni matokeo tu, kuna kitu kingine mwilini kimekwenda vibaya kabla, uzito umebaki mguu wa nyuma au mikono imejivuta, halafu kichwa kikafuata.

Mwalimu anayejua kazi yake anaanza na mpira, sio na mwili wako. Mpira hausemi uongo. Kwa kiasi kikubwa unaanza safari kuelekea pale uso wa fimbo ulipokuwa unaangalia wakati unagusana nao, halafu unakata kulia au kushoto kutegemea fimbo ilikuwa inapita njia gani ukilinganisha na huo uso. Chukua slaisi, ugonjwa wa wengi wetu tunaotumia mkono wa kulia, mpira unakwenda ukikata kulia mpaka unapotelea kwa jirani. Kama umeanzia kushoto kidogo ya lengo ndio ukakata kulia, hapo fimbo inapita kutoka nje kuja ndani, yaani kutoka upande wa mbali kuja upande wako. Kama umeanzia kulia moja kwa moja na ukazidi kukata kulia, basi uso wenyewe ulikuwa wazi, na pengine gripu, yaani unavyoshika fimbo, ndio shida. Hizo ni tiba mbili tofauti. Mwalimu asiyekuuliza "mpira wako unaanzia wapi?" anakisia tu.

Nina swali langu la mtego ambalo nawapa watu wote wakamuulize mwalimu mpya: kwa nini nikishika draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpira unakata vibaya lakini nikishika weji, ile fupi ya kupigia karibu, unaenda sawa? Jibu sio "sababu draiva ni ngumu". Draiva uso wake umesimama, digrii kumi na kidogo hivi, wakati weji umelala sana, na fimbo iliyolala inazungusha mpira kurudi nyuma kwa nguvu mpaka ule mkato wa pembeni hauonekani sana. Kosa ni lilelile, draiva inalifichua tu na weji inalificha. Haina haja akueleze kisomi, hata akichora mchangani kwa kidole na kusema kwa maneno yake mwenyewe inatosha, cha muhimu aonekane anajua kwa nini. Akikukwepa kwa "wewe piga tu bosi, itakuja", mshukuru na uendelee kutafuta.

Kuhusu vyeti naomba nieleweke. Mwenye mafunzo ya PGA, chama cha wanagofu wa kulipwa, ana faida, kwa mfano programu ya PGA ya Uingereza ni ya kusoma huku unafanya kazi, wanafundishwa namna ya kufundisha na sio kucheza tu. Ila hapa kwetu ukisema unataka cheti hicho tu unaweza kuwakosa watu wazuri sana waliotokea kwenye ukedi, ile kazi ya kubeba mabegi ya wachezaji. Kedi mzoefu anajua grini zenu, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, kuliko mtu yeyote, anajua kaskazi ikivuma uwanja wa karibu na bahari uongeze fimbo gani, anajua kiangazi ardhi ikikauka mpira unadunda vipi. Tatizo lake likiwepo ni moja, yeye alijifunza akiwa mtoto, mwili wake ulinyonya swingi, yaani mzunguko wa kupiga, kwa kuangalia na kuiga, hajawahi kuhitaji maelezo. Sasa anakuonyesha, "fanya hivi", na wewe kiuno chako kina miaka ishirini ya kukaa kwenye kiti cha ofisi, hakifanyi hivyo. Kwa hiyo muulize anafundisha watu wazima wanaoanza? Ameshamtoa nani kutoka sifuri? Mwambie akuonyeshe mmoja ukaongee naye. Mchezaji Bubba Watson inasemekana hajawahi kusomea swingi kwa mwalimu na amechukua Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, mara mbili, 2012 na 2014, lakini hebu fikiria umwombe akufundishe.

Nimegusa mwili, niendelee hapohapo. Mwalimu ambaye siku ya kwanza hajakuuliza una maumivu gani, umewahi kufanyiwa operesheni, unafanya kazi ya kukaa au kusimama, huyo ana swingi moja kichwani na anataka kuivalisha kila mtu. Mgongo haurudishwi dukani.

Na wadada wenzangu. Kuna mwalimu akiona mwanamke tu anaanza "polepole madam, gusa tu", anakupa swingi ya kubembeleza mtoto. Kataa. Tunao akina Madina Iddi, Mtanzania huyu kashinda mashindano nje ya mipaka, nadhani hakufika pale kwa kugusa tu. Halafu suala la kushikana. Gofu kuna wakati mwalimu anahitaji kukuweka mikono vizuri au kukuonyesha bega linakozunguka, sawa, lakini mwenye adabu anasema kwanza "naomba nikushike bega" na anasubiri ujibu, au anatumia fimbo kukuelekeza bila kukugusa kabisa. Anayekuja nyuma na kukumbatia kiuno bila kuuliza hana sababu yoyote ya kiufundi, usianze kujishauri mara mbili. Wenye mabinti wanaojifunza nendeni mkakae pale muda wa somo, sio mnawashusha getini mnapotea.

Sasa umempata mmoja, unaenda somo la kwanza. Nenda na ayani namba 7, fimbo ya umbali wa kati, na pata yako, ile ya kusukumia mpira shimoni, draiva iache kwenye gari. Tazama anaanza na nini. Mimi nampenda anayekwambia piga kumi kwanza bila kusema neno, halafu anakuuliza unataka nini kwenye huu mchezo, unataka mashindano, unataka kucheza na wateja wako wa kazi usiaibike, au unataka kutembea tu jioni upate hewa. Baada ya hapo akupe kitu kimoja. Kimoja! Akikupa gripu, miguu, bega, kiwiko, na kichwa juu, kesho hutakumbuka hata kimoja na utasimama mbele ya mpira umeganda. Na akuonye mapema kwamba utaharibika kidogo kabla hujatengemaa, maana ukibadilisha gripu wiki mbili za mwanzo mipira inakwenda Bagamoyo, na mwalimu muoga hathubutu kukupitisha hapo kwa sababu anajua utanuna. Tunarudi kulekule, kuogopana.

Video ni nzuri na siku hizi simu nyingi zina slomosheni, ila angalia anaitumiaje. Simu ikae sehemu moja kila mara, nyuma yako kwenye mstari wa lengo au mbele ya kifua, usawa wa mikono, la sivyo mnalinganisha vitu viwili tofauti. Na akulinganishe na wewe wa mwezi uliopita, akianza kukuwekea pembeni swingi ya bingwa Rory McIlroy mwambie tu ukweli kwamba wewe ni mhasibu.

Jambo ambalo wanafunzi wenyewe tunaliharibu ni kutaka draiva tu. Hesabu iko wazi, uwanja wa par 72 (yaani shoti 72 ndizo zinazotarajiwa kwa mzunguko mzima) wenye mashimo 18 umepangiwa shoti mbili za pata kila shimo, hizo ni 36, nusu ya mchezo mzima iko kwenye grini. Uliza mwalimu wako anatenga masomo mangapi kwa kupiga pata na kuchipu, zile shoti fupi za kuingiza mpira kwenye grini. Uliza pia kama anatoka na wewe uwanjani, japo mashimo manne matano, kwa sababu renji ni tambarare na hakuna bunka (shimo la mchanga) wala mti wala watu wanaosubiri nyuma yako wakiguna. Mimi nimejifunza zaidi kwenye mashimo machache niliyotembea na mwalimu, akininyang'anya fimbo niliyochagua na kuniuliza "kwa nini hii?", kuliko ndoo na ndoo za mipira. Ila mkiwa kwenye mashindano ajue mipaka yake, sheria zinaruhusu kedi wako akushauri, mwalimu anayetembea pembeni tu haruhusiwi, ukimwomba ushauri utaongezewa shoti mbili hivihivi. Na kedi naye mwambie kwa upole siku za kawaida akupe umbali na mstari wa pata basi, swingi amwachie mwalimu, la sivyo kila shimo una fundi mpya. Hapo sijaongelea YouTube, YouTube ni janga lingine kabisa.

Watu wanauliza pia ubadilishe mwalimu lini. Tiger Woods ametoka kwa Butch Harmon akaenda kwa Hank Haney, kisha Sean Foley, kisha Chris Como. McIlroy alianza na Michael Bannon akiwa mtoto na sehemu kubwa ya maisha yake ya gofu amekuwa naye. Kwa hiyo hakuna kanuni, ila kama miezi inapita, unafanya mazoezi kweli (kweli, sio kusema tu), na bado huwezi kujieleza mwenyewe kwa nini mpira umekata, ondoka. Mwambie ana kwa ana, "mwalimu nashukuru, nataka nijaribu kwa mwingine", klabu ni ndogo mtakutana tu. Kibaya ni kuwa na wawili kwa siri, mmoja Jumanne mwingine Jumamosi, wanakuvuta huku na huku na wote wawili wanajua.

Malipo. Usinunue masomo kumi kwa mkupuo kabla hujafanya moja, hata akikupa punguzo. Uliza kama bei ni pamoja na mipira ya renji, mvua ikinyesha inakuwaje, akichelewa inakuwaje, ukichelewa wewe inakuwaje. Na yule rafiki wa klabu mwenye hendikapu nzuri anayesema nipe kidogo tu nitakufundisha, mchezaji wa ridhaa haruhusiwi kulipwa kwa kufundisha isipokuwa kwenye mazingira machache, anaweza kupoteza ridhaa yake, akufundishe bure au akuache.

La mwisho linatuhusu sisi wanafunzi. Ukitaka asikuogope msaidie. Mwite mwalimu, sio "wee kijana", hata kama una mtoto umri wake. Siku ya kwanza mwambie waziwazi, "ukiniona nakosea niambie, sinuni", halafu kweli usinune. Fika kwa wakati. Na hela yake mtumie kwa simu palepale somo likiisha kabla hujaingia baa, asije akakusubiri nje na mabegi ya watu akiona aibu kukukumbusha.