Maswali ya Wasomaji: Nyama za Deli (Maduka ya Vyakula Vilivyo Tayari) za New York

Swali: Nimehamia New York hivi karibuni. Pastrami ina tofauti gani na nyama ya chumvi inayouzwa kando yake?

Jibu: Zote mbili ni nyama ya ng'ombe iliyolowekwa kwa siku kadhaa katika maji ya chumvi na viungo. Nyama ya chumvi, ambayo kwa kawaida ni kidari, huchemshwa polepole mpaka ilainike. Pastrami, ambayo kwa desturi ya mji huo hutoka sehemu yenye mafuta karibu na kitovu, hupakwa pilipili manga na mbegu za giligilani, hufukizwa moshi, kisha hupikwa kwa mvuke hadi nyuzi zake zilegee. Ililetwa Marekani na Wayahudi waliohama kutoka Romania mwishoni mwa karne ya 19, na duka la Katz's, lililoanza mwaka 1888 katika mtaa wa Lower East Side mjini humo, bado huikata kwa mkono mbele ya mnunuzi. Nakusihi uile hivyo, ikiwa moto na imekatwa papo hapo, pamoja na mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano) na haradali, kwa maana vipande vilivyokatwa mapema hukauka upesi.

Swali: Kwa kuwa imetiwa chumvi na moshi, je, naweza kuiweka jokofuni wiki mbili?

Jibu: Hapana. Chumvi hiyo siku hizi hutiwa kwa ajili ya ladha zaidi kuliko kuhifadhi, na bakteria wa listeria huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu. Nyama iliyokatwa dukani iliwe ndani ya siku 3 hadi 5, ikihifadhiwa katika nyuzijoto zisizozidi 4 za Selsiasi. Mama mjamzito asiile ikiwa baridi. Aipashe hadi ifikie nyuzijoto 74.

Swali: Saladi ya viazi niliyonunua ilikaa mezani mchana kutwa. Niirudishe jokofuni?

Jibu: Itupe. Mwisho ni muda wa saa mbili nje ya jokofu.

Swali: Mimi ni Mwislamu. Duka likiitwa la Kiyahudi, nina hakika hakuna nguruwe?

Jibu: Jina pekee halitoshi. Maduka mengi hufuata mapishi ya Kiyahudi bila kufuata sheria zake za chakula, ambazo hukataza nguruwe na kuchanganya nyama na maziwa. Ukiona nyama na jibini katika mkate mmoja, ujue sheria hizo hazifuatwi hapo. Tazama cheti cha usimamizi wa kidini ukutani na uulize kama mashine ya kukatia hutumika kwa nyama nyingine. Uhalali wa uchinjaji wenyewe ni vyema umwulize shehe wako.