Wakunga Wanajibu: "Hii ni ripoti, si tafakuri"

SWALI: Hamjambo wakunga wetu. Niko mwaka wa pili wa ukunga, nafanya mazoezi wodini hapa Arua. Niliandika tafakuri ya kurasa tatu juu ya mtoto aliyezaliwa bila kulia. Mkufunzi amenirudishia na maneno haya tu: "Hii ni ripoti." Sehemu yenyewe ni hii: "Nilimkausha, nikamfyonza ute, nikamsugua mgongo, nikamfyonza tena. Sista akachukua ambu akampa hewa, mtoto akalia." Nimekosea wapi?

JIBU: Hatujambo, mwanafunzi wetu. Hujakosea kueleza. Ila ripoti inasema kilichotokea, na tafakuri inatafuta mahali ulipochagua kufanya hiki badala ya kile. Mahali hapo umepaandika kwa maneno mawili ukapita: "nikamfyonza tena".

Rudi hapo. Mtoto aliyekaushwa na kusuguliwa mgongo, bado hapumui, anatakiwa awe anapewa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa, kabla dakika ya kwanza haijaisha. Kufyonza ni kwa mtoto ambaye ute umemziba. Ukirudia rudia unakula sekunde zake, na kipira kikifika mbali kooni kinaweza kushusha mapigo ya moyo. Hayo bila shaka unayajua, uliyasoma darasani. Kwa hiyo swali lenyewe ni hili: kwa nini mkono wako ulirudi kwenye kipira cha kufyonzea?

Jibu la kweli huwa dogo, tena huwa linaonea haya. Labda ambu ilikuwa kabatini. Labda hukuwa na hakika kama mwanafunzi anaruhusiwa kuishika kabla sista hajasema. Labda uliogopa kuumiza mapafu. Kila jibu lina dawa yake. Kama ni kabati, zamu ikianza toa ambu, ziba barakoa yake kwa kiganja, bonyeza, hakikisha hewa haivuji, kisha iache karibu na kitanda cha kujifungulia. Kama ni ruhusa, mwulize sista kabla mama hajaanza kusukuma: "Mtoto asipopumua, nani anashika ambu?" Kama ni woga, nenda kwa mdoli wa mazoezi: kichwa kimeinuliwa kidogo tu, barakoa imekaa vizuri puani na mdomoni, pumzi 40 kwa dakika, na kila pumzi uone kifua kinainuka. Kisipoinuka, panga upya barakoa na kichwa kabla ya kubonyeza kwa nguvu zaidi.

Wengi mnafundishwa kuandika tafakuri kwa hatua sita za mzunguko wa Gibbs wa mwaka 1988: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango. Ni mzuri, lakini wanafunzi humaliza kurasa mbili kwenye tukio, uchambuzi ukapata mistari mitatu. Geuza. Tukio lipe mistari mitano. Hisia usiziruke, kwa sababu woga ndio unaoeleza mkono ulioganda; mistari miwili inatosha. Karatasi iliyobaki ni ya uchambuzi. Na mpango uwe na siku na mtu: "Nitakuwa makini zaidi" si mpango. "Jumatatu kabla ya zamu nitampa mdoli hewa dakika nzima, sista akihesabu" ni mpango.

Jambo moja la saa. Ziandike pale pale, hata kwenye kipande cha karatasi, maana kichwa hupanga upya matukio kufikia jioni. Tena ziandike kama kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua: 21:10. Saa tatu usiku ukiiandika 3:10, anayekagua atadhani ni alfajiri.

SWALI: Nawasimamia wanafunzi tisa katika kituo cha afya Isingiro, karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wakikosea nikawarekebisha, wananyamaza. Muda wa kukaa nao sina. Nifanyeje?

JIBU: Dada, kwanza tuulize: unawarekebisha wapi? Mbele ya mama kitandani mwanafunzi atanyamaza tu. Na hapo Nakivale akina mama wengi wametoka Kongo, Kiswahili chako wanakisikia neno kwa neno; mama akisikia "umekosea" anaogopa juu ya uchungu alio nao. Kitandani toa amri fupi ya kazi: "Sugua mji wa mimba. Ita msaada." Mengine yangoje.

Mama akishatulia na kuna anayemwangalia, dakika 10 pembeni zinatosha. Tumia maswali matatu ya kutafakari ya mwalimu Borton, ya mwaka 1970: Nini kimetokea? Kina maana gani? Sasa tufanye nini? Aliyehusika aanze, waliokuwepo waongeze, wewe umalizie. Si lazima wote tisa waseme kila siku, zungusha.

Uliza "Ulijuaje?" badala ya "Kwa nini hukufanya?" Tuseme mwanafunzi kakadiria damu kuwa 300 ml, kumbe imepita 500. Ukimwuliza alijuaje, atasema aliangalia kwa macho. Hapo mna somo: macho hupunguza damu, hasa iliyonywewa na vitambaa. Pimeni pamoja kitambaa kikavu, kisha kilicholowa; kila gramu iliyozidi ihesabuni kama 1 ml hivi. Hilo hatalisahau.

Tunakuomba sana hili: daftari la tafakuri lisigeuzwe ushahidi wa kumwadhibu mtu. Likitumika hivyo mara moja, kuanzia siku hiyo utasomewa yale tu yanayokufurahisha. Mama au mtoto akifariki, kikao cha kuchunguza kifo kina utaratibu wake. Mwanafunzi siku hiyo usimdai maandishi. Kaa naye, hakikisha amekula, mwulize atalala na nani.

SWALI: Naweza kupiga picha patografu ya mama kwa simu, nikaandike tafakuri hosteli? Mwanafunzi, Bombo.

JIBU: Hapana, hata ukikusudia kuifuta baadaye. Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za mtu tangu 2019, na faili ni siri ya mama hata bila sheria. Nakili unachohitaji: "mimba ya tatu, wiki 39, mlango wa kizazi sm 6 saa 14:00". Jina, namba ya faili na kijiji viache. Katika kituo kidogo, hata "mapacha wa Jumapili" inatosha watu kumjua, kwa hiyo siku nayo iondoe. Jina likikutoka kalamuni, likate lisisomeke kabla hujatoka wodini.